Basi la Manjano

Halipiti tena.
Tangu mwisho wa Juni sijasikia honi yake
kwenye kona ya duka la Mmalabari:
mbili fupi, moja ndefu.
Sikujua kuwa ile honi
ndiyo iliyokuwa ikininyanyua kitandani.

Saa nne asubuhi, Mabela inachemka.
Bomba la maji baridi linatoa maji ya chai.
Wanangu watatu wamesimama mlangoni
kama wadai.
"Mama, leo tunafanya nini?"

Sina jibu. Nina shuka.
Nina kiyoyozi kinachodondokea ndooni,
na matone nimeyahesabu hadi mia sita na kitu,
nikapotea, nikaanza tena.

Baba yao yuko Fahud kwenye visima,
wiki mbili huko, wiki mbili hapa,
na hizi ni zile za huko.
Akipiga simu namwambia, "Hatujambo."
Neno pana hilo, hatujambo,
wanaenea watu wengi ndani yake,
hata asiyekuwemo.

Jirani wamekwenda Salala kufuata manyunyu.
Picha zao zinaingia moja moja,
ukungu, majani, ngamia kaloa.
Naandika: Mashaallah.
Nageuza simu kifudifudi.

Shangazi Thuweba kasema ni jicho.
Kaleta ubani, kaleta zafarani kwenye sahani ya kaure,
kasoma, katemea, kanipa.
Nimekunywa. Ilikuwa tamu.
Sonona nayo ilikunywa, tulikuwa wawili kwenye sahani.

Juzi nilijifungia msalani
nikafungua bomba ili langu lisisikike.
Chini ya mlango vikaja vidole vya Raya,
vitano, vinachezacheza kama vinatafuta senti.
Hakuniita.
Alisukuma kipande cha biskuti
chenye unyoya wa zulia.
Nikakila na unyoya wake.

Ndipo nikampigia dada yangu, Ghaniya,
naye hakuuliza. Alikuja na gari, injini haikuzimwa.
Daktari alikuwa kijana, binti wa Nizwa,
kanieleza vizuri, kaniuliza vizuri,
na Kiarabu changu chote cha sokoni na cha shuleni
kikanikimbia.
Nikamwambia kwa Kiswahili, nimesahau kama hakijui:
"Nafsi imenikaa upande."
Akaweka kalamu chini. Akasubiri.
Nadhani ule upande aliuona.

Sasa nameza kidonge usiku, na tende moja.
Hakijafanya muujiza.
Kimenipa robo saa.
Robo saa ya jana nilimsuka Asila nusu ya kichwa,
nusu ya pili nikaisuka baada ya magharibi.
Mchana kutwa alitembea hivyo,
huku mistari, huku kichaka,
na alipoulizwa na mtoto wa jirani
alisema ndiyo mtindo.

Leo nilikuwa nimelala, macho kwenye dari,
nikasikia viti vya mezani vinaburutwa.
Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.
Kisha, kwa mdomo wa mtoto:
mbili fupi, moja ndefu.

Miguu ilishuka yenyewe.
Ukumbini viti sita vimepangwa wawili wawili,
Yakdhan mbele na kifuniko cha sufuria mkononi,
anakata kona za Mabela ambazo hazipo.
Akafunga breki.
"Unakwenda wapi, mama?"

Nilifikiri sana. Abiria walikuwa wananingoja.
"Sijui," nikasema.
"Basi panda tu," akasema dereva,
"nauli gilasi moja ya maji."

Nikanywa, mbele yao, hadi chini.
Nikakaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha,
na nywele zangu ambazo hazijachanwa,
na Raya akanikalia mapajani, mzito, ana jasho,
akanishika kidole kama ndiyo mshipi wa kiti.

Shule zinafunguliwa baada ya siku thelathini na saba.
Dereva kasema tutapita kwanza kwa Mmalabari.